Mguu wa A na mkono wa W

Maswali ya wasomaji kuhusu herufi. Anayejibu ni mchoraji wa herufi mwenye karakana Barabara ya Kirinyaga, Nairobi.

SWALI: Dada, hujambo. Nina miaka 22, naishi Kayole, na najifunza kutengeneza mabango kwa kompyuta. Juzi nilitengeneza bango la mkutano wa maombi lenye maneno KARIBUNI WATU WOTE. Lilipotoka kwenye mashine, urefu wa mita 3, mteja akalitazama akasema yeye anasoma "W ATU". Nimerudi kwenye kompyuta nikapima, nafasi kati ya herufi zote ziko sawa kabisa. Kosa langu ni lipi?

JIBU: Mdogo wangu, kosa ni hilo hilo la nafasi kuwa sawa. Najua linavyouma, maana nami lilinipata, na ndilo lililonifanya niipende kazi hii.

Mwaka 2009 nilikuwa nafundishwa kazi na mjomba wangu, mchoraji wa mabango kule Kariobangi. Siku moja aliniachia kazi ya kwanza ya peke yangu: duka la dawa, plaiwudi ya futi 8 kwa 2, neno moja tu, DAWA. Nilipiga mistari miwili kwa uzi uliopakwa chaki, nikachora herufi kwa penseli, kila moja sentimita 40 kwenda juu, na kati ya herufi na herufi nikaacha sentimita 6. Nilipima kwa rula ya seremala mara mbili. Kisha nikapaka rangi nyekundu, taratibu, nikiwa nimezuia pumzi kila brashi ilipofika kwenye ncha.

Mjomba aliporudi hakusema neno. Alinishika mkono akanivusha barabara hadi kwenye kibanda cha muuza viazi karai, akanigeuza. "Haya, soma." Nikaona. D na A zilikuwa zimekaa pamoja, halafu W imesimama peke yake kati ya mashimo mawili, kama mtu aliyefika msibani asijulikane ni wa upande gani. Palikuwa na herufi nne; neno halikuwapo.

Maelezo aliyonipa pale ng'ambo ndiyo ninayokupa wewe. Fikiria unamwaga unga kati ya kila herufi na jirani yake mpaka pengo lijae. Kila pengo linatakiwa kula unga kiasi kile kile. Sasa itazame A: mguu wake wa kulia unateremka ukienda nje. W nayo mkono wake wa kwanza unateremka kwa mwelekeo ule ule. Rula yangu ilipima kutoka ncha ya mguu hadi ncha ya mkono, na mguu uko chini kabisa, mkono uko juu kabisa. Zile sentimita 6 zilikuwa za uongo. Kati ya herufi hizo mbili palikuwa na njia pana ya kupita mkokoteni. "Isukume W," mjomba akaniambia, "mpaka mkono wake upite juu ya mguu wa A." Rangi ilikuwa bado mbichi. Nilifuta herufi mbili kwa kitambaa na mafuta ya taa, nikazichora upya zikiwa zimepishana. Kwa rula, nafasi ilikuwa chini ya sifuri. Kutoka kwa muuza viazi, neno lilisomeka DAWA.

Baada ya hapo sikulala vizuri. Nilikata herufi za karatasi nyeusi, alfabeti nzima, A nikikata nyingi kuliko zote, nikawa nazipanga mezani usiku na kuzisogeza kwa ncha ya wembe. Ndipo nikagundua jambo ambalo sijachoka kulisema hadi leo: lugha yetu inalipata tatizo hili kuliko lugha zilizotengenezewa fonti hizi, yaani seti za herufi za kompyuta. Chukua methali moja tu, "Haraka haraka haina baraka". Ina herufi 23, na 11 kati yake ni A. Kisha angalia majirani wa hiyo A. Watu wakiwa wengi huanza na WA: wageni, watoto, wazee, wavuvi. Halafu kuna wa, ya, kwa, vya, twa. W, V, Y, T na P zote huacha uwazi mkubwa zikikaa na A, ama juu ama chini. Mwandishi wa Kiingereza hukutana na pengo hilo hapa na pale. Sisi tunakutana nalo karibu kila mstari, hasa tukiandika kwa herufi kubwa, na mabango yetu mengi ni ya herufi kubwa.

Chanzo chake ni cha zamani. Gutenberg alipochapa Biblia yake kule Mainz, Ujerumani, karibu mwaka 1455, kila herufi ilikuwa kipande cha madini chenye mwili wake wa pembe nne. Miili miwili haiingiliani. Wachapaji waliojali iliwabidi wakate au wapige tupa kona za vipande hivyo ili W na A zisogeleane. Fonti ya kompyuta bado huiweka kila herufi kwenye kisanduku chake, ila kisanduku hicho hakionekani. Mtengenezaji mwangalifu huweka ndani ya fonti orodha ya jozi za herufi zinazopaswa kuvutwa pamoja. Fonti nyingi za bure tunazopakua hazina orodha hiyo, au zina jozi chache mno. Nadhani hiyo uliyotumia ni mojawapo.

Kwa hiyo fanya kwa mkono. Kwenye programu ya Illustrator, weka kishale kati ya W na A, shika Alt, bonyeza mshale wa kushoto, tena, tena, mpaka jicho litulie. Inkscape, ambayo ni ya bure, hufanya hivyo hivyo. Kisha ligeuze bango zima kichwa chini. Likigeuka huwezi tena kulisoma, na usipolisoma unaanza kuyaona mapengo yenyewe. Mimi hufanya hivyo kwa kila kazi, hata ya kadi ya biashara. Mwisho lipunguze kwenye skrini mpaka liwe dogo kama kiberiti. Pengo baya halijifichi.

Na kabla hujaichagua fonti kwa kazi ya Kiswahili, iandikie sentensi hii ambayo nimeitunga kwa ajili ya kuzijaribu: WAVUVI WA TAKAUNGU WAMEVUA TAA NA PAPA. Ina WA, AV, VU, TA na PA, zote kwa pamoja. Fonti ikiusoma mstari huo bila kupasuka, ichukue. Ikipasuka na bado unaipenda, jua mapema kwamba usiku utakuwa mrefu.

SWALI: Dada, mwezi uliopita tulimzika baba yetu nyumbani Mũrang'a. Kijitabu cha ibada kilichapishwa hapa mjini. Jina la baba lina ũ mbili na ĩ moja, na kwenye jalada herufi hizo tatu zilitoka nyembamba na za sura nyingine, kana kwamba zimebandikwa. Duka la uchapaji liliniambia Kikuyu "kinasumbua kompyuta". Mama ametaka tuchapishe upya kwa ajili ya kumbukumbu. Niwaambie nini safari hii?

JIBU: Pole sana, dada yangu, wewe na mama. Mungu ampumzishe baba mahali pema.

Waambie Kikuyu hakisumbui kompyuta. Kina vokali saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huvaa kiwimbi kichwani. Zina namba zake rasmi kwenye mfumo wa Unicode sawa na herufi nyingine yoyote. Kilichotokea ni kwamba fonti waliyoichagua haina herufi hizo ndani yake. Kompyuta ikiikosa herufi haisimami kuuliza. Hukopa kwenye fonti nyingine iliyo karibu, kimya kimya, na ndiyo sababu umeona sura mbili katika jina moja. Aliyekuwa zamu alitakiwa kuliona hilo kabla ya kuchapa. Limenikera kulisoma. Jina la marehemu kwenye jalada ni neno ambalo kila mwombolezaji atalitazama, na wengine watalihifadhi ndani ya Biblia miaka mingi.

Fanya hivi. Chagua fonti wewe mwenyewe na uwapelekee. Gentium na Andika, zote za shirika la SIL, ni za bure, zina ĩ na ũ zilizochorwa na mkono ule ule uliochora herufi nyingine. Noto ya Google nayo inazo. Kwa jalada la kumbukumbu mimi ningechukua Gentium, ina utulivu. Kama kibodi yako haina herufi hizo, kwenye Word andika 0169 kisha bonyeza Alt na X pamoja, utapata ũ. 0129 itakupa ĩ. Kwa herufi kubwa ni 0168 na 0128. Ukimaliza usiwatumie faili la Word, maana mashine yao ikikosa fonti yako itaweka yake. Watumie PDF, na uhakikishe fonti imewekwa ndani yake. Kisha omba nakala moja ya kujaribu kwenye karatasi, uishike mkononi, umwonyeshe mama kabla hawajachapa nyingine.

Kuna kitu kingine kidogo kwenye Mũrang'a ambacho wengi hukikosea: ile alama baada ya ng. Inatakiwa iwe na umbo la 9 ndogo, kichwa juu na mkia unaopinda kushoto. Kila siku naona mabango yenye alama iliyolala upande wa pili, au kijiti kilichonyooka tu. Kiingereza hutumia alama hiyo zaidi kabla ya s, kwa hiyo watengenezaji wa fonti huipangia nafasi ya kukaa na s. Kwetu inafuatwa na vokali: ng'ombe, ng'ambo, kung'aa, Nyang'oma. Kwenye herufi kubwa, NG'AMBO hufunguka pengo baya kati ya alama na A, kwa sababu A imechongoka juu na alama nayo iko juu, chini yake hakuna kitu. Isogeze A. Kwenye jalada la baba, kama mtaandika MŨRANG'A kwa herufi kubwa, hapo ndipo pa kukazia macho.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) Githurai. Watoto wangu nawafundisha kuandika a ya duara na kijiti, lakini karatasi ninazochapa zina a ile yenye kofia. Kuna mtoto ameniuliza kama hiyo ni herufi nyingine. Nitumie fonti gani?

JIBU: Mwalimu, mtoto huyo ana jicho zuri, mtunze. Tumia Andika, niliyoitaja hapo juu. Jina lake ni la Kiswahili na ilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaoanza kusoma: a yake ni ya duara na kijiti, g yake ni ya mkia mmoja kama ya mkononi. Faida nyingine utaiona ukiandika neno "Ili" au "Ilikuwa". Katika Arial, I kubwa na l ndogo ni vijiti viwili vinavyofanana, na hadithi zetu nyingi huanza kwa "Ilikuwa". Katika Andika vijiti hivyo vimetofautishwa. Ichape kubwa, pointi 24 au zaidi.

SWALI: Dada, napaka matatu rangi. Wenye magari wanataka jina la gari kwa herufi za grafiti zilizosokotana mpaka hata mimi siwezi kuzisoma. Mzee mmoja wa kazi aliniambia herufi isiyosomeka si herufi. Nikatae hizo kazi?

JIBU: Kaka, usikatae. Namheshimu mzee wako, lakini kwa hili sikubaliani naye. Gari hubeba maandishi ya aina mbili. Jina ni la kutazamwa: abiria wa njia hiyo analijua gari kwa rangi na umbo hata kabla halijafika, kama mtu unavyomjua kwa mwendo wake. Njia ni ya kusomwa na mgeni aliyesimama stejini mvua ikinyesha. Kanuni za matatu zilizoanza kutumika mwaka 2004, zilizoleta mstari wa manjano na maandishi ya njia ubavuni, ziliwakera wachoraji wengi, lakini ziligusa jambo la kweli: mahali pa kwenda paandikwe wazi. Kwenye jina, jiachie. Kwenye njia, simamisha herufi nene, sahili, na mapengo safi.

Tena nyinyi wa grafiti mna kitu tunachopaswa kujifunza sisi wa mabango. Nilikaa nusu siku kwenye gereji moja nikimtazama kijana akipuliza KAWANGWARE kwenye gari la 46. Neno hilo lina AW, WA, na WA nyingine tena. Mimi ningelitokea jasho. Yeye alianza na K, akaegemeza A juu yake, kisha mkono wa W akaulaza begani kwa A bila kuuliza mtu, na kila herufi akaipa kivuli cha rangi ya pili ili ijitenge na mwenzake. Hapakuwa na pengo la kupima, kwa sababu hakuacha pengo. Nilirudi karakana nikajaribu kwa brashi, herufi zinazolaliana na ukingo mweupe wa milimita 3 kati yake. Majaribio matano yaliharibika; la sita liko ukutani kwangu. Siri iko kwenye ule ukingo: ukiwa mwembamba mno, kutoka ng'ambo ya barabara herufi zinayeyukiana. Anza na neno hilo hilo. Likikutii, DANDORA na KAYOLE hazitakushinda.

SWALI: Mwanangu, natumai u mzima. Mimi ni wa Pumwani, Majengo. Binti wa kaka yangu anaolewa na sisi mashangazi tunataka leso yetu wenyewe, itakayoandikwa WAWILI WAKIPENDANA ADUI HANA NAFASI. Kijana wa kompyuta ametuletea mfano wenye maandishi ya mwandiko wa kujipinda, kama ya kadi. Yeye anasema ndiyo ya kisasa. Sisi roho zetu zinasita, ila hatujui kueleza kwa nini.

JIBU: Shangazi, shikamoo, na hongereni kwa harusi.

Roho zenu ziko sahihi, na nitajaribu kuwaelezea. Leso ina pindo (ukingo wake), mji (sehemu ya katikati) na jina (yale maneno), na jina hukaa kwenye mstari mmoja chini ya mji, karibu na pindo. Mtu akijifunga, mstari huo huzunguka mwili. Hausomwi wote kwa mara moja. Unasomwa vipande vipande, mwenye leso akigeuka, kitambaa kikiwa kimekunjika. Herufi kubwa, nene, zilizosimama wima, hubaki kusomeka hata zikipotea nusu kwenye mkunjo. Mwandiko wa kujipinda una nyuzi nyembamba zinazounganisha herufi, na mkunjo mmoja ukila uzi huo, neno limekwenda.

Mama yangu aliniachia leso 12, nyingine za Mali ya Abdulla wa Mombasa, nyumba ya Kaderdina Hajee Essak iliyoanza mwaka 1887. Mwaka mmoja nilizitandika moja moja sakafuni nikazifuatisha kwa karatasi inayopitisha mwanga, herufi baada ya herufi. Nilitaka kujua wachoraji wa leso waliyatatua vipi mapengo ya WA. Wengi walizipanua herufi zote kidogo na kuzitenga, hivi kwamba pengo la WA likapotea kati ya mapengo makubwa mengine. Ni njia ya busara kwa kitambaa, kwa sababu rangi husambaa kidogo kwenye pamba na herufi zilizobanana zingegandana. Leso za mwanzo zenye maneno ziliandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ambazo hushikana mikono zenyewe. Herufi za Kirumi zilipoingia kila moja ilisimama peke yake, na mchoraji ndiye aliyebaki na kazi ya kuziweka pamoja.

Jina lenu ni zuri na linaanza na WAWILI WAKI, kwa hiyo kijana asiandike tu na kuacha. Mwambie atumie herufi kubwa nene zisizo na madoido, azitenge zote kiasi, kisha asogeze A na W mpaka W zote tatu zionekane zimekaa na jamaa zao. Nafasi kati ya neno na neno iwe kubwa kuliko kati ya herufi na herufi, la sivyo HANA NAFASI itasomeka neno moja.

Kabla hamjatoa pesa ya kitambaa, achape mstari huo peke yake kwenye ukanda wa karatasi, kwa ukubwa wake halisi, karatasi zikiunganishwa kwa gundi mpaka mita moja hivi. Mmoja wenu ajifunge ukanda huo kiunoni juu ya leso nyingine, atembee kutoka mlangoni hadi mwisho wa ua, na shangazi asiyelijua jina hilo akae kwenye kiti alisome kwa sauti. Mahali atakapokwama, wekeni alama ya kalamu kwenye karatasi, na mniletee ukanda huo hapa Kirinyaga. Nitausogeza mwenyewe, hiyo iwe zawadi yangu kwa bibi harusi.